Kisenyi ililindwa na watu waliojuana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mtaa wa Kisenyi hapa Kampala, ambao siku hizi hautajwi bila kutajwa wezi wa simu, kana kwamba uliumbwa hivyo. Nimeishi humu tangu ujana wangu, na ninaona kwamba wanaopanga namna ya kuulinda wamesahau kile kilichowahi kuulinda.

Sidai kwamba zamani palikuwa shwari. Wakati wa ukoloni Kisenyi haikuwa ndani ya manispaa ya Kampala, bali ilikuwa sehemu ya Kibuga, yaani mji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, chini ya serikali yake pale Mengo, kwa hiyo mipango ya ujenzi na huduma zilizopatikana upande wa pili wa mji hazikufika huku kwa urahisi. Wenye ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa na mtu binafsi katika Buganda, waliruhusu vyumba vya kupanga vijengwe kwa kubanana, na wageni kutoka kila pembe ya nchi wakapata pa kuanzia maisha. Pombe ilikuwapo, na ugomvi ulikuwapo. Hata hivyo, hofu kubwa kuliko zote niliyoishuhudia haikuletwa na wezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari waliizingira mitaa ya Kampala, wakawakusanya wanaume na kuwapakia kwenye malori, katika ile misako ambayo hata watu wasiojua Kiswahili waliiita panda gari. Wapo waliochukuliwa ambao familia zao hazikuwaona tena.

Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979 tulikuwa tumeletewa utaratibu wa mayumba kumi kwa kufuata mfano wa Tanzania, lakini wengi waliukumbuka zaidi kwa mgawo wa sukari na sabuni kuliko kwa ulinzi. Kilichotufaa ni kamati za RC (Resistance Council), yaani kamati za wakaazi wa kijiji, zilizoenea baada ya 1986, ambazo baadaye ziliitwa LC (Local Council). Mtu aliyehamia alikwenda kwa mwenyekiti akiwa na barua kutoka kijiji alichotoka, jina lake likaandikwa daftarini, na mwenye nyumba aliyempangisha mtu asiyejulikana akatakiwa kujieleza mbele ya mkutano wa kijiji. Mama aliyekaanga mihogo kibarazani hadi saa nne za usiku alijua mtoto wa nani anapita na nani hana shughuli pale. Ninaamini kwamba hii ni sababu mojawapo iliyowafanya Wasomali waliokimbia vita nchini mwao tangu mwaka 1991 kupata nafasi hapa na kufungua maduka na mikahawa bila mtaa kuingia katika fujo: waliwakuta watu wenye desturi ya kumuuliza mgeni jina lake.

Desturi hiyo haikufa yenyewe. Kamati za vijiji zilizochaguliwa mwaka 2001 hazikubadilishwa kwa uchaguzi mwingine hadi Julai 2018, yaani miaka 17. Katika muda huo baadhi ya wanakamati walifariki, wengine wakahama, madaftari yakapotea, na barua ya mwenyekiti ikageuka kuwa karatasi ya kununua. Wakati huohuo wenye viwanja waliuza, vyumba vikabomolewa, yakainuka maghorofa ya maduka ambayo mchana yamefurika watu na usiku hayana mkaazi hata mmoja, isipokuwa mlinzi aliyejifungia ndani ya lango. Wapangaji wetu walisukumwa kwenda Bwaise, Nansana na mbali zaidi. Si ajabu kwamba ilikuwa katika miaka hiyohiyo ya 2010 ndipo makundi ya vijana kama Kifeesi yalipovuma katikati ya mji, kwa kuwa kijana anayepora katika barabara isiyo na wakaazi haogopi kwamba mtu atamtambua na kumpelekea mama yake habari.

Serikali ilijibu kwa kamera za ulinzi barabarani, ambazo ziliagizwa baada ya kuuawa kwa Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi, mnamo Machi 2017. Sizipingi. Lakini kamera huonyesha jambo likitendeka au lilivyokwisha kutendeka. Haiwezi kumwita kijana pembeni kabla hajaharibikiwa, wala haijui kwamba mpangaji wa chumba cha mwisho hajaonekana kwa wiki nzima. Kazi hiyo ilifanywa na majirani, na haikuligharimu taifa mkopo wowote.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Jiji la Kampala, kila inapoidhinisha ghorofa jipya katika mitaa kama Kisenyi, iwatake wenye majengo watenge baadhi ya ghorofa za juu kuwa makaazi yenye kodi ambayo mpagazi wa mashine za kusaga mahindi anaweza kuilipa. Aidha, uchaguzi wa LC wa vijiji ufanyike kila muda wa kamati unapokwisha, bila kuahirishwa, na daftari la wakaazi lifunguliwe upya katika kila kijiji, likaguliwe na mkutano wa wakaazi wenyewe na si na mwenyekiti peke yake.

Wako,
Mkaazi wa Kisenyi,
Kampala