Daftari limefunikwa

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na usianze kununa. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya mdogo wako. Sisi wazima, mguu wa mama unaendelea vizuri, mengine tutaongea.

Kilichonifanya niandike ni lile neno lako la siku ile, eti mtoto hapiti kisomo cha mamake. Ulisema kwa utani, nami nikacheka. Juzi mkubwa wangu alikuwa anahangaika na milinganyo. Nikasogea, akafunika daftari. "Mama, hii huiwezi." Wala hakusema kwa dharau, na hapo ndipo paliponiuma: alikuwa ananisitiri.

Nikamwendea Mwalimu (hajabadilika, nilikwenda na swali moja nikarudi na historia nzima). Kumbe mwaka 1966 huko Marekani, mtafiti mmoja aitwaye Coleman na wenzake walipima wanafunzi zaidi ya laki sita, wakakuta hali ya nyumbani ina uzito kwenye alama kuliko majengo na vifaa vya shule. Moyo ukazidi kuzama. Akaniambia, subiri: mzazi aliyesoma mara nyingi ana kipato pia, ana vitabu, hamwogopi mwalimu. Sasa kinachombeba mtoto ni kipi hasa? Norwei ilipoongeza elimu ya lazima kutoka miaka 7 hadi 9, baadaye watafiti wakawaangalia watoto wa waliobanwa na sheria hiyo. Matokeo yao ya mwaka 2005: ile miaka ya ziada ya mzazi, yenyewe tu, haikumfikisha mtoto mbali zaidi shuleni, isipokuwa ya mama kwa mwanawe wa kiume. Na mimi nina wasichana watatu! Nilicheka hadi nikalikumbuka daftari.

Maana hilo daftari, shoga, kwenye tafiti zake sikulisikia. Cheti sina, haya. Lakini kuuliza najua, na kukaa naye usiku najua. Akishazoea kunificha, nitajuaje alipokwama? Nimewaza madarasa ya jioni, halafu nikaona na umri huu… basi tu.

Wewe ulifanyaje wako alipofika kwenye masomo usiyoyajua? Ulikuwa unakaa pembeni hivyo hivyo? Au ulimwachia shemeji? Na aljebra bado unaikumbuka? Ukija, unaweza kunifundisha kabla hawajarudi kutoka shule, wasijue? Na sufuria langu nalo, mpaka lini?

Wako,
Mama Watatu