Risala ya Klabu ya Sanaa na Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Picha

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana shuleni kwetu. Picha ulizoziona ukutani zilianzia kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya jiji letu la Dar es Salaam, ambako tulikwenda na penseli na karatasi tu.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha hapa mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Chini yake walimweka askari wa Kiafrika, akimwinulia bwana wake macho. Waingereza waliiondoa, baadaye ikasimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Askari wa sasa, wa mwaka 1927, hana bwana wa kumtazama. Yuko juu peke yake na bunduki yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wapo hata hivyo ambao hawakupandishwa juu. Ni wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliobeba risasi na vyakula vya jeshi, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Maandishi ya mnara yanawasifu kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa hiyo ilitukera kidogo, kwani mpagazi alikuwa na uso pia, na jina. Wenzetu wa Nairobi wana afadhali: katika sanamu yao ya mwaka 1928 mpagazi amesimama sambamba na wapiganaji.

Basi tukaenda Kariakoo, palipokuwa na kambi ya wapagazi hao, tukawaomba wabeba mizigo wa leo watukubalie tuwachore. Hatukumchora mtu bila ridhaa yake, na kila mmoja alichagua mwenyewe akae vipi. Mzee mmoja alikataa katakata kuchorwa na gunia mgongoni. Alituambia, "Gunia mnalijua. Mimi hamnijui." Kesho yake akaja na kanzu na kofia. Ndiyo picha ya tatu kutoka mlangoni, na kwa maoni yetu inazishinda zote. Majina yaliyo chini ya picha wameyachagua wao. Mmoja alitaka liandikwe na la mama yake.

Klabu yetu ina upungufu wa rangi, na fremu tunaunga kwa mabaki ya mbao. Tunaomba pia usafiri wa kwenda Makumbusho ya Taifa.

Ombi letu kubwa ni moja: utufikishie kwa uongozi wa soko kwamba picha hizi, zikitoka hapa, zitundikwe Kariakoo, wenyewe wazione kabla ya wageni. Wahusika wameshakubali. Kilichobaki ni ukuta.

Tunaomba kuwasilisha.