Nyavu haramu zinauzwa dukani, kwa nini moto uwashwe dikoni tu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili la nyavu, maana linazungumzwa sana na watu ambao hata dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, hawafiki. Mimi ni mama mchuuzi wa samaki huku Kibiti, nanunua Nyamisati na kwenye vijiji vya ndani ya delta ya Rufiji, wengine nakaanga wengine nakausha, napeleka sokoni. Na niseme mapema kabisa ili mtu asije akanielewa vibaya, juya, yaani ule wavu mkubwa wa kuvuta, mimi siliungi mkono hata kidogo. Lile dude linavutwa na kundi zima la wanaume kutoka kwenye maji kuja ufukweni, linapita juu ya majani bahari linazoa kila kitu, na kule kwenye mfuko wake macho ni madogo hata kitoto cha tasi cha urefu wa kidole hakipenyi. Ukilifungua unakuta changu wadogo, vitoto vya chewa, kamba ambao hata hawajapata rangi vizuri, na nusu ya huo mzigo haiuziki unamwagwa pale pale mchangani. Serikali imelikataza kwenye kanuni za uvuvi za 2009 na ina haki kulikataza.

Sasa shida yangu iko hapa. Wakaguzi wakija wanakuja dikoni. Wanakusanya nyavu, wanazirundika, wanamwagia mafuta, wanachoma, picha zinapigwa, basi wameondoka. Nimeshaona zaidi ya mara moja kwenye madiko ninayonunua. Lakini watu wanaojua maisha ya dikoni wanajua wale vijana wanaovuta hilo juya wengi wao wavu si wao, wavu wa tajiri, mtumbwi wa tajiri, na mapato yakipatikana linatolewa kwanza fungu la chombo na fungu la wavu halafu ndo vijana wanagawana kilichobaki. Wavu ukichomwa tajiri analeta mwingine na gharama anawaandikia wao kama deni, kwa hiyo bamvua linalofuata, yaani maji makubwa yakirudi, wanarudi majini wakiwa na shida kubwa kuliko ya kwanza, na mtu mwenye deni hawezi kuchagua avue wapi wala avue kwa kitu gani. Hapo tumelinda samaki gani jamani?

Na huo wavu mpya unatoka wapi? Huku delta hakuna kiwanda cha nyavu. Unanunuliwa dukani, mjini, mchana kweupe, hata zile za uzi mmoja zinazong'aa kama plastiki ambazo nazo zimekatazwa, unaingia pesa unatoka na bando lako. Wavu wa uzi mmoja ukikatika ukazama hauozi, unakaa chini unaendelea kunasa samaki hakuna wa kuwatoa. Mwaka 2018 kwenye ile Operesheni Sangara kule Ziwa Victoria msako ulifika mpaka kwa wenye viwanda na wauza nyavu, kwa hiyo mtu asituambie haiwezekani. Inawezekana sana, ila ikifanyika mara moja halafu ikaachwa, biashara inarudi. Duka moja likifungiwa leseni kwa kuuza nyavu haramu ni vijiji vingapi vimekosa huo wavu kwa mpigo, halafu linganisha na kuchoma moja moja huku mikokoni ambako kufika kwenyewe ni boti na mafuta na kusubiri maji yajae.

Kitu cha pili ni soko, na hapa nazungumza kazi yangu. Angalieni pweza. Kanuni inasema pweza wa chini ya nusu kilo haruhusiwi, na hiyo angalau inashikika kwa sababu pweza wengi wanaenda kwa mawakala wa viwanda, wakala ana mizani, akipima hajafika nusu kilo anakurudishia mwenyewe. Mvuvi akirudishiwa pweza mara mbili tatu, ya nne akimwona mdogo mwambani anamwacha akue, maana pweza anakua haraka mno, mwezi mmoja tu umeshaona tofauti. Hakuna askari pale, kuna mizani tu na mnunuzi anayekataa. Sasa changu nani anampima? Tasi je? Kwenye mnada wanakuja kwenye ndoo, wadogo chini wakubwa juu, anapandisha bei huyu na yule, umeshinda unabeba. Mimi naona kabisa fungu ninalouza sasa samaki ni wengi kwa idadi lakini ukikaanga ni miba. Wekeni kipimo cha urefu kwa samaki wanaojulikana, kibandikwe dikoni ubaoni kwa Kiswahili na picha ya samaki mwenyewe, na sisi wanunuzi tubanwe kabla ya mvuvi. Mimi nitakuwa wa kwanza kukubali, kwa sharti wote tubanwe kwa pamoja, maana nikikataa peke yangu jirani ananunua, mimi narudi na beseni tupu na samaki mdogo ameshakufa hata hivyo.

La kamba ndo linaniuma zaidi. Kamba anataga huko nje baharini, vitoto vinaingizwa na maji kwenye vijito vya mikoko, vinakulia humo humo kwenye tope na mizizi, mvua za masika zikija vinatoka kwenda nje vikiwa vimekomaa. Delta yetu ina karibu hekta 50,000 za mikoko, na tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wazee wanakumbuka tulivyolalamikia zile meli za kukokota kamba, zinakokota mchana, zinakata nyavu za wavuvi wadogo, samaki wasiowataka wanatupwa wakiwa wameshakufa. Kuanzia 2008 zikasimamishwa miaka na miaka. Watu walifurahi na mimi nilifurahi. Lakini ukimzuia wa nje halafu ukaziba kijito chote kwa wavu wa macho madogo, maji yanapotoka hakibaki kitu, hao kamba watafika vipi huko nje?

Mimi naomba vijito vifungwe kwa zamu. Sio delta nzima na sio mwaka mzima, tusiue watu njaa. Kijiji kikae na BMU yake, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, wavuvi wawepo, akina mama wanaotanda uduvi kwa vyandarua wawepo pia maana hao huwa hawaitwi kwenye mkutano halafu wanakuja kukatazwa tu, wakubaliane kijito fulani hakiingizwi wavu miezi fulani kabla ya masika. Hili si geni. Songosongo kule Kilwa na Jibondo kule Mafia wamefunga miamba ya pweza kwa miezi, na Kisiwa Panza Pemba hivyo hivyo, siku ya kufungua watu wanatoka na pweza wakubwa na bei nzuri. Wanalinda wenyewe kwa sababu siku ya kufungua ni yao. Sisi kamba wetu tunashindwa nini?

Ila BMU tusizibebeshe mzigo kwa maneno matupu. Wanajitolea, hawana boti, mafuta wanachangishana, na wakimkamata mtu ni shemeji yao au ndiye anayewakopesha unga, kesho wanakutana naye msikitini. Ushuru tunalipa kila siku pale dikoni, mimi nalipa na risiti ninazo. Sehemu yake ingebaki kwa BMU ya mafuta ya doria, na hesabu isomwe mkutanoni kila mtu asikie.

Na bwawa la umeme la Mwalimu Nyerere huko juu kwenye mto Rufiji nalo lisisahaulike, kwa sababu kamba wa delta anategemea maji baridi ya mto kwa wakati wake. Wataalamu wa mto na wataalamu wa uvuvi wakae meza moja, na watu wa Salale na Mbwera waitwe wasikilizwe, wao ndo wanaona maji yanavyobadilika.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara inayohusika na uvuvi, msako unaofuata uanzie maduka ya nyavu mjini, mkishamaliza huko njooni dikoni mtatukuta, na mje na mizani na rula.

Mama mchuuzi,
Kibiti, Pwani