Mchicha upo hata Ningbo

Beilun, Ningbo, China
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na mama hajambo? Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza jambo moja tu: kwa mshahara waliokuandikia wa kazi ya huku, utabakiza cha kumtumia mama kila mwezi? Utabakiza. Mimi nabakiza karibu nusu, na silali njaa. Ila ukija ukapanga kwenye yale maghorofa mapya na kuagiza chakula kwa simu kila siku, hata wangekuongezea mara mbili, pesa itakwisha kabla ya tarehe kumi na tano.

Beilun ndiko iliko bandari. Ningbo-Zhoushan ni ya kwanza duniani kwa tani za mizigo. Tangu 2017 inapitisha zaidi ya tani bilioni moja kwa mwaka. Usitazamie ufukwe kama wetu wa Tanga. Maji ni ya tope, rangi ya chai ya maziwa, na pwani yote ni kreni, makontena na viwanda. Lakini hicho ndicho kinachotusaidia: mji umejaa vibarua waliotoka mikoa ya mbali, Anhui, Guizhou na Henan, nao wanatuma pesa kwao kama mimi na wewe. Penye vibarua hapakosi chakula cha bei yao.

Kodi ya chumba nalipa yuan 900 (yuan ndiyo pesa ya huku) kwa mwezi, ghorofa ya tano, kwa ngazi. Kwenye chumba nisikilize vizuri. Dalali wa kwanza alinipatia cha yuan 500, nikafurahi, nikatoa kodi ya miezi mitatu na amana juu. Kumbe mwenye nyumba hataki kunisajili polisi. Sheria ya huku inataka mgeni aandikishwe ndani ya saa 24 baada ya kuhamia, na faini inaweza kufika yuan 2,000. Nikahama baada ya wiki mbili, pesa yangu sikuiona tena. Nililia siku ile, shoga. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujafungua pochi: utanisajili? Na chumba kiwe kinapata jua, hata kama kodi inapanda kwa mia. Mwezi wa sita zinakuja mvua wanazoziita meiyu, wiki kwa wiki, nguo hazikauki, viatu vinaota koga kabatini. Januari nayo ina baridi yake, na majengo ya huku kusini hayana mabomba ya joto kama Beijing, baridi ya nje unalala nayo ndani. Blanketi la umeme usilionee pesa uchungu.

Sasa chakula, maana najua ndicho kinachokutia hofu. Choroko zimejaa tele! Wao huzichemsha na sukari wakanywa zikiwa baridi wakati wa joto. Mimi naziunga kwa nazi ya kopo. Na mchicha upo, ule wenye wekundu katikati ya jani. Siku nilipouona sokoni nilisimama nikaushika tu. Watu wa Ningbo wanapenda hasa mabua yake, wanayavundika kwenye mtungi mpaka yanatoa harufu kali sana. Mama wa ghorofa ya chini, ninayemwita Ayi kama wanavyowaita mama wadogo, alinipa bakuli. Nikala kwa heshima yake. Tangu siku hiyo haniachi: ananigongea mlango jioni twende sokoni pamoja, saa za kufunga, mboga zikishuka bei. Bila yeye ningekuwa nanunua kwenye duka kubwa mpaka leo.

Samaki wanunue mapema. Mei mosi bahari inafungwa, meli hazivui hadi Agosti au Septemba, kama Pemba wanavyofunga miamba ya pweza, na bei inaruka. Wakifungua, kula yule mrefu wa rangi ya fedha, mfano wa upanga. Nyama halali usihangaike: tafuta duka la tambi lenye kibao kilichoandikwa 清真 (qingzhen, yaani halali). Ni la Wahui, Waislamu wa huku, bakuli linakutosha mchana mzima. Ijumaa nitakupeleka msikiti wa zamani wa Yuehu. Treni ya mjini nauli inaanzia yuan 2.

Nisikufiche, upweke upo. Idi ya kwanza nilikula peke yangu, na watu wa kazini hawakujua kuwa ni sikukuu. Ndiyo maana nataka uje, si kwa ajili ya mshahara tu.

Njoo na hiliki, bizari ya pilau na kanga nne: mbili zako, mbili za Ayi, ameziulizia. Sufuria usibebe. Ukishuka Shanghai tutapanda wote basi linalokatisha Ghuba ya Hangzhou, daraja la kilomita 36. Kiti cha dirishani nitakuachia.

Shoga yako