Kwa Vijana Wanaoandika Maisha ya Wanamichezo

Wanangu waandishi wa habari za michezo,

Nimesoma makala zenu nyingi kuhusu mabondia na wakimbiaji wetu wa zamani, na kinachonisikitisha ni kwamba zimejaa sifa tupu, kana kwamba mnayemwandika hakuwahi kuwa na mpinzani, wala ugonjwa, wala siku aliyokosea. Nawaomba mjifunze kazi hii kwa Thomas Hauser wa New York.

Hauser, aliyezaliwa mwaka 1946, alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia na kufanya kazi ya uwakili Wall Street, kisha mwaka 1977 akaiacha ili aandike. Kitabu chake cha kwanza hakikuhusu michezo: kilichunguza kuuawa kwa Charles Horman, Mmarekani aliyekamatwa nchini Chile baada ya mapinduzi ya 1973. Naamini kazi ile ndiyo iliyomzoesha kuwatafuta mashahidi wa kila upande. Mwaka 1986 alitoa kitabu kuhusu biashara ya masumbwi, na tangu hapo ameandika juu ya mchezo huo karibu bila kupumzika.

Kazi yake kubwa ni maisha ya Muhammad Ali, iliyotoka mwaka 1991. Ali mwenyewe alishirikiana naye, na hapo ndipo wengi wetu tungeteleza, kwa kuwa ni vigumu kumkosoa mtu aliyekufungulia mlango wa nyumba yake. Hauser hakuteleza. Aliwaacha watu waseme kwa vinywa vyao, akiwemo bondia Joe Frazier, mpinzani wake mkubwa, ambaye uchungu wake dhidi ya Ali ulikuwa haujapoa. Kwa idhini ya Ali alizungumza pia na madaktari, akaonyesha kwamba dalili za kutia shaka kuhusu afya yake zilikuwa zimeonekana kabla ya pambano la Oktoba 1980, ambalo Larry Holmes alimpiga hadi likasimamishwa baada ya raundi 10. Msomaji anamaliza akimpenda Ali zaidi, kwa sababu hakufichwa kitu.

Sisi nasi tumo katika maisha hayo. Mapema mwaka 1980 Ali alifika Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Carter wa Marekani, akitaka Afrika isusie Olimpiki ya Moscow. Rais Nyerere hakumpokea, na waandishi wa habari wakamuuliza kwa nini Afrika iiunge mkono Marekani ilhali Marekani haikuunga mkono mgomo wa nchi za Afrika dhidi ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Tanzania ilikwenda Moscow, ambako Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000.

Kenya haikwenda. Henry Rono, aliyekuwa akishikilia rekodi za dunia za mbio zote mbili hizo, alibaki nje, naye alifariki mwaka 2024. Kwa hiyo anayetaka kuziandika medali zile asiishie kwa washindi na jamaa zao. Avuke mpaka aende Nandi na Eldoret, awatafute wakimbiaji walionyimwa safari ile, na awaulize wakati wangali hai.