Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: zile sahihi zilikuwa za madawati, sio za kokoto

Mheshimiwa DC, salaam.

Ningeanza na shikamoo ila naambiwa wewe bado kijana, kwahiyo kama unalingana na mwanangu wa kwanza basi marahaba, tusonge.

Naandika kwa niaba ya kamati ya wanakijiji tuliyoiunda kufuatilia suala la machimbo ya kokoto kwenye mlima wetu hapa mkoani Pwani. Barua rasmi tulishaleta ofisini kwako, imegongwa muhuri wa kupokelewa, masjala wakiitafuta wataiona. Sasa muda umepita, jibu hamna, na huku juu mambo yanaenda, ndo maana tumeamua kuiandika hadharani ili na ndugu zetu walioko mjini waisome. Jina la kijiji nimeliacha makusudi maana kuna vijana washaanza kuambiwa "tunawajua", lakini wewe barua unayo kwahiyo unajua ni wapi.

Habari yenyewe ilianza na bikoni, zile nguzo za kuonyesha mipaka ya eneo lililopimwa. Mama mmoja wa kitongoji cha juu alienda shambani kuvuna mbaazi akakuta nguzo fupi ya zege imechimbiwa katikati ya shamba, ina namba za rangi nyekundu, kuangaza macho akaona nyingine kule kwenye mkorosho wa jirani, na nyingine tena karibu na makaburi. Akarudi anahema. Tulipoenda kwa mtendaji kuuliza tukajibiwa kwa upole kabisa kwamba mbona kijiji kilishapitisha, muhtasari upo na sahihi za wananchi zimeambatanishwa. Tukaomba tuuone huo muhtasari. Tulizungushwa sana hapo, mara funguo za kabati hazipo, mara mwenyekiti kasafiri nao, lakini mwisho kijana wetu mmoja akafanikiwa kuupiga picha na sasa hivi upo kwenye simu ya kila mtu kijijini.

Mheshimiwa, hapa naomba usome taratibu. Zile sahihi ni zetu kweli, hatukatai, mimi mwenyewe yangu ipo. Lakini tuliziweka kwenye karatasi ya mahudhurio siku ya kikao cha madawati ya shule! Unajua utaratibu, ukifika unapewa daftari unaandika jina, kitongoji, unasaini, unakaa chini ya mwembe. Basi karatasi zile zile ndo zimebanwa pini nyuma ya muhtasari unaosema wananchi kwa kauli moja wamemkaribisha mwekezaji wa kokoto na kumpa mlima. Kama unadhani tunasingizia, angalia orodha, utakuta jina la mwalimu wa hesabu ambaye hata sio mkazi wa hapa, alikuja siku ile kusoma taarifa ya madawati yaliyovunjika akasaini kama mgeni, akaondoka na pikipiki yake. Leo naye anahesabika katoa mlima wa watu.

Mwenyekiti tulimchagua wenyewe Novemba 2024 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, tena wengi wetu tulimpigia kampeni, na bado siamini kama alikaa akapanga hili mwenyewe. Nadhani aliletewa karatasi imeshachapwa akaambiwa weka muhuri hapa mzee, ni formality tu. Hilo mtachunguza nyie wenye vyombo. Sisi tunachosema ni kwamba kijiji hakijapitisha kitu.

Na sheria tumeisoma, usione tupo porini. Tuna binti wa hapa anasoma sheria chuoni, akija likizo anatukalisha anatufafanulia mpaka wazee wanauliza maswali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini tu, haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kwanza. Na hata kama ardhi inatolewa kwenye ardhi ya kijiji kupelekwa kwenye ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya serikali, ikiwa haizidi hekta 250 wa kukubali au kukataa ni mkutano mkuu. Mkutano mkuu ni watu wazima wote wa kijiji, sio mwenyekiti na wajumbe wawili watatu waliokaa jioni kwa mtu wakanywa soda.

Tukisema hivyo tunajibiwa madini ni mali ya serikali. Sawa, ni kweli, Sheria ya Madini ya 2010 inasema madini yote yapo chini ya Rais kwa niaba ya Watanzania na kokoto nazo zinahesabika humo kama madini ujenzi. Ila sheria hiyo hiyo, kurasa za mbele kidogo, inamwambia mwenye leseni asifanye kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na mashamba yaliyolimwa nayo yamewekewa umbali wake. Vijana wetu wamepima kwa ramani ya simu kutoka bikoni ya chini mpaka nyumba ya kwanza, haifiki 200, wakasema labda simu inadanganya wakarudia kwa kamba, majibu yale yale. Sasa hiyo karatasi ya maandishi ya mwenye nyumba iko wapi? Mwenye nyumba ni bibi mmoja hivi, hajui kuandika, na dole gumba lake anasema hajaligusisha kwenye wino tangu apige kura.

Leseni yenyewe hatujaonyeshwa. Tukiuliza ni ile ya wachimbaji wadogo, PML ya miaka 7, au ni leseni kubwa, wanasema tutaambiwa. Tukiuliza tathmini ya mazingira wanasema wataalamu walishakuja. Walikuja lini na waliongea na nani? Kanuni za tathmini za mwaka 2005 zinataka mradi utangazwe, mabango yabandikwe sehemu watu wanapopita, itolewe kwenye gazeti na redio, watu waitwe waseme wasiwasi wao. Hapa bango tuliloliona mwaka huu ni la tamasha la singeli.

Sasa nikueleze kuhusu mlima, maana kwenye makaratasi umeandikwa "eneo la mawe lisilo na matumizi". Chini ya yale mawe ndo inatoka chemchemi. Visima vya huku chini kiangazi vinakuwa na chumvi chumvi, maji ya kupikia na ya kunywa watoto yanatoka kule juu, mvua ikinyesha maji yanazama kwenye nyufa za mwamba yanatoka pole pole miezi mingi baadae, hii hatukusoma popote tunaiona kila mwaka. Mtu akianza kulipua mwamba kwa baruti zile nyufa zinabadilika, maji yanaweza kuhamia upande mwingine au yakapotea kabisa, na yakishapotea hakuna mwekezaji wa kuyarudisha hata awe na hela kiasi gani. Halafu kuna hili linawauma sana wakulima wa bamia wa bondeni. Wao kila mwaka wanafukuzwa na maafisa mazingira kwa kulima ndani ya mita 60 za mto, na ni halali, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza, wengine washatozwa faini na wamelipa. Sasa mtu wa bamia na jembe lake anafukuzwa mtoni, alafu kule mto unakoanzia kinapelekwa kijiko cha kuchimbia na krasha ya kusaga mawe! Wanauliza, na mimi sina jibu la kuwapa.

Shule ya msingi ipo upande wa kaskazini wa mlima. Upepo wa kusi ukianza mwezi wa nne unapiga moja kwa moja kutoka mlimani kuelekea madarasani mpaka mwezi wa tisa huko. Vumbi la kusaga mwamba sio hili vumbi la barabarani tulilolizoea, lina silika, chembe ndogo ndogo za madini ya mwamba, likiingia kwenye mapafu linakaa humo humo linaleta silikosisi, ugonjwa ambao hauna tiba na mwenye nao anashikwa na TB kirahisi kuliko mwingine. Mganga wa zahanati ndo alituelezea, akatuomba tusimtaje, na mimi simtaji.

Wapo vijana wetu wanaotaka mradi uje. Sitaki nikufiche hilo maana utaambiwa na wengine. Wanasema hapa hamna ajira, korosho bei inacheza, acha mwekezaji aje tupate vibarua. Tumebishana nao sana, kuna siku kikao kilivunjika watu wanarushiana maneno. Wana hoja. Ndo maana kamati iliwachukua baadhi yao ikaenda nao Lugoba kuona kwa macho, si unajua kokoto nyingi za Dar zinatoka kule. Wakaona mama lishe wanauza chakula, wakaona mafundi wa matairi wana kazi, ni kweli hela ipo. Wakaona pia mtambo mkubwa ukishafungwa unahitaji watu wachache wenye ujuzi wa mashine, sio kijiji kizima, na wakaona majani ya miti yalivyogeuka rangi. Walivyorudi wengine wamebadilika, wengine bado wanautaka mradi ila nao sasa wanauliza, kwa bei gani na kwa mkataba upi? Maana mrabaha wa asilimia 3 unaenda serikali kuu, ushuru wa huduma unaenda halmashauri, kijiji chenye mlima kinabaki na barabara iliyochimbika kwa matipa. Hapo wote, wanaotaka na wasiotaka, tupo pamoja, tunataka tuulizwe.

Kwahiyo neno la kwamba tunapinga maendeleo naomba lifutwe. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro 2024 reli yake imelala juu ya kokoto, tunaipanda na tunaipenda. Zahanati yetu ina zege la kokoto. Hakuna mwendawazimu hapa anayesema nchi ijengwe bila kokoto. Na wazee wetu wanajua kutoa kwa ajili ya nchi, wengi waliletwa hapa 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, waliacha minazi yao na makaburi ya wazazi wao wakaambiwa hapa ndo kwenu sasa. Wakapakubali. Mzee mmoja alisimama kwenye kikao akasema mimi nilishahama kwa amri mara moja nikiwa kijana, safari hii nitahama nimebebwa. Watu walicheka lakini yeye hakucheka.

Nikukumbushe na habari ya Tabata, labda ulikuwa hujazaliwa. Wakazi wa Tabata pale Dar walichoshwa na moshi na harufu ya dampo la jiji, wakaenda mahakamani, 1988 hiyo. Halmashauri ya jiji ikaenda kuomba iongezewe muda iendelee kumwaga taka pale pale, na Jaji Lugakingira akashangaa, mamlaka ya umma inakujaje mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akasema ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi, inaguswa hapo. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, unafikiri ikaishia hapo? Watu wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani, kesi ya 1991, wakashinda. Walikuwa wananchi wa kawaida tu kama sisi. Na kipindi hicho hata sheria ya mazingira ya 2004 haikuwepo, sasa hivi ipo na kifungu cha 4 kinasema wazi kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi na salama. Sisi mahakamani hatutaki kwenda, ni gharama na ni mbali, lakini michango imeshaanza, kina mama wa vikoba wametangulia kuliko wanaume na hilo naliandika wanaume wa kijiji walisome.

Kuna maneno yanasambazwa kwamba DC akisikia kelele atakuja kutuweka ndani masaa 48. Tunajua sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inakupa huo uwezo, ila imeuweka kwa mtu anayetaka kuvunja amani. Hapa hamna jiwe lililorushwa, hata zile bikoni hatujaing'oa hata moja, japo mikono ya watu inawasha na kila siku naomba vijana wavumilie. Kamati inatembea na daftari na kalamu tu. Mimi sitaki kuamini kama hayo maneno yametoka kwako.

Tunachoomba ni uje. Itisha mkutano mkuu wa kijiji, tangazo libandikwe siku saba kabla kwenye kila kitongoji na ajenda iandikwe waziwazi kwamba ni mlima na kokoto, isiwe madawati wala mengineyo. Njoo na mwekezaji, tutamsikiliza kwa heshima. Muhtasari ule usomwe kwa sauti mbele ya wenye sahihi, na leseni na ripoti ya mazingira vije kwa Kiswahili. Afisa ardhi aje na kipimo chake apime kutoka bikoni mpaka kwa yule bibi watu wote wakiangalia. Kisha kura zipigwe. Mpaka siku hiyo, tunaomba utoe agizo kwa maandishi kwamba hakuna mashine inapanda.

Ukija panga asubuhi, mchana watu wanakuwa mashambani. Na gari usilipitishe njia ya bondeni, kalavati limekatika tangu mvua za masika, pitia ya shuleni.

Katibu wa kamati, kwa niaba ya wanakijiji.

Nakala: Mkuu wa Mkoa, Mbunge, Diwani, Tume ya Madini, NEMC (baraza la mazingira la taifa), na mwalimu wa hesabu.