Kwa wazazi wapya mnaokuja Mwaka Kogwa na watoto wachanga

Wanangu, asalaam aleikum.

Julai imeingia, na najua wengi wenu mliozaa mwaka huu mnajitayarisha kuja kwetu Makunduchi, Unguja, kwa sherehe yetu ya mwaka mpya. Njooni. Mwaka Kogwa ni wenu, na nyumba isiyopata mgeni siku ile hukosa raha. Ila nina neno juu ya hao mnaowabeba.

Mwaka mmoja kitinda mimba wangu alikuwa na miezi minne. Nilimfunga mgongoni kwa kanga, nikaenda nikasimama karibu kabisa na kibanda kinachochomwa siku ile. Wanaume walikuwa wamekwisha kupigana kwa migomba, kama ilivyo desturi ya siku ile, vumbi halijatulia bado. Kibanda cha makuti kikatiwa moto, upepo ukageuka, watu wakaja mbio upande wetu. Nami nikakimbia. Nilipomteremsha chini ya mwembe, pindo la kanga lilikuwa limemlalia puani, shingo imelowa jasho, na mtoto kimya. Alikuja kulia baadaye, alhamdulillahi, na leo ana watoto wake. Lakini kile kimya ninacho mpaka sasa.

Basi mbebeni kifuani, uso wake muuone, pua na kidevu viwe wazi. Kivuli apate cha mwavuli au cha mti, msimgubike kanga. Siku ile sote tunautazama moshi unaelekea wapi, tujue mwaka utakuwaje. Wewe mwenye mtoto uangalie upepo mapema, kabla kibanda hakijawashwa: kaa upande unakotoka, pembezoni, penye njia ya kuondokea. Spika za ngoma nazo zikae mbali naye.

Ambaye hajatimiza miezi mitatu abaki nyumbani. Mtaniambia arubaini imeshatoka. Imetoka, ndiyo, lakini kifua chake bado kidogo mno kwa moshi wa makuti na vikohozi vya umati. Na wa umri huo akipata homa, usimkande ukangoja kuche. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Aliye chini ya miezi sita kiu yake huikata kwa ziwa tu. Msimpe maji wala dafu, hata jua likiwa kali vipi. Mnyonyesheni mara kwa mara, na maji mnywe nyinyi.

Kila shangazi na kila jirani atataka kumpakata na kumbusu. Aoshe mikono kwanza, na mwenye mafua amwangalie kwa mbali. Mkiona haya kusema, semeni bibi ndiye aliyekataza. Nanyi akina baba, mkishamaliza kupigana, nendeni mkaoge mtoe vumbi, kisha mmpokee mama mtoto wake. Naye amekuja kusherehekea.

Mimi nitakuwa barazani na wazee wenzangu. Mkitaka kwenda kuzunguka na kuimba na wanawake wenzenu, nileteeni mjukuu. Mnyonyesheni kwanza.